Nina simu na nina vitabu vya karatasi: je, kifaa cha kusomea vitabu kina thamani ya kununuliwa?

#1 · Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiahirisha uamuzi mmoja, na nimeona ni heri niulete hapa kabla fedha haijatoka mfukoni. Nataka kununua kifaa maalumu cha kusomea vitabu, kile chenye kioo cha wino wa kielektroniki, lakini kila nikikaribia kulipa najiuliza kitanipa nini ambacho simu yangu hainipi. Simu inafungua faili za vitabu za aina ya EPUB na PDF, ina taa yake, na iko nami saa zote. Hata hivyo, mwaka uliopita nilianza vitabu 11 kwenye simu nikamaliza 2 tu, ilhali vya karatasi nilivyovishika, ambavyo ni 5, nilivimaliza vyote. Dai langu, ambalo naomba mlipinge kama mna sababu, ni kwamba kinachonishinda ni mwanga wa kioo cha simu unaochosha macho, na kwamba kioo kisichong'aa kitaniponya. Nasoma hasa riwaya na historia, na mara mojamoja ripoti za kazini. Wenye uzoefu naomba mseme.

#2 · Binti Kitabu
Mimi ninacho tangu miaka 6 iliyopita na sijajuta hata siku moja. Ukikaa nacho nje jua likiwa la utosini, maandishi yanazidi kusomeka, wakati simu inageuka kioo cha kujitazama uso. Changu hakifiki gramu 200, nakishika kwa mkono mmoja nikiwa nimelala ubavu, na kidole gumba cha mkono uleule ndicho kinachofungua ukurasa. Kwangu hilo la mkono mmoja limekuwa kubwa kuliko sifa zote zinazoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kitabu cha kurasa 700 kilikuwa kikinishinda kukishika kitandani. Kwa msomaji wa riwaya, naona jibu liko wazi.

#3 · Fundi Saa
Niongeze la kiufundi, kwa kuwa maneno "kioo kisichong'aa" yanahitaji ufafanuzi. Ndani ya kioo hicho mna vidonge vidogo sana, unene wake kama wa unywele, na katika kila kidonge zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipita, za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama. Ukikatika, chembe hubaki palepale zilipo. Ndiyo maana ukurasa unaweza kukaa wazi bila kula chaji, na ndiyo maana pia mara kwa mara utaona kioo kikipepesa, cheusi kisha cheupe, ili kufuta kivuli cha maandishi yaliyotangulia. Kazi hii ilianzia chuo kikuu cha MIT huko Marekani, kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka 1997, Sony ikauza kifaa cha kwanza cha namna hii Japani mwaka 2004, na Kindle ya Amazon ikafuata Novemba 2007. Vifaa vingi vya sasa vina taa, ila taa hiyo imepangwa pembeni na inamulika uso wa kioo kutoka mbele, haikumuliki wewe machoni kama ya simu.

Sasa la betri, kwa sababu matangazo hupotosha watu. Ukisoma maandishi madogo chini ya ahadi ya wiki kadhaa, utakuta hesabu imefanywa kwa nusu saa ya kusoma kila siku, intaneti ikiwa imezimwa. Wiki 6 za nusu saa kwa siku ni saa 21. Anayesoma saa 2 kila usiku atachaji baada ya siku 10 au 11. Hata hivyo simu haifikii hapo, lakini ni vizuri mtu anunue akijua anachonunua.

#4 · Karani Mstaafu
Fundi Saa amefafanua vyema jinsi kioo kinavyofanya kazi, lakini dai lenyewe la mleta mada, yaani la macho, bado halijaguswa. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliolinganisha wino wa kielektroniki na kioo cha kawaida chenye mwanga wa nyuma, nao haukuona tofauti ya maana katika uchovu wa macho. Mwaka uliofuata ukachapishwa mwingine ulioona kinyume chake: kioo chenye mwanga kilichosha zaidi, na wino wa kielektroniki ukawa sawa na karatasi. Kwa hiyo anayesema jambo hili limekwisha kuthibitishwa, upande wowote, anakwenda mbele ya ushahidi. Linalokubaliwa na wengi ni kwamba tunapokazia macho kitu cha karibu tunapepesa kidogo kuliko kawaida na jicho linakauka, na hilo halijali kitu hicho ni karatasi au umeme.

Pamoja na hayo, mimi ninacho na siwezi kukiacha. Nina miaka 67, na herufi za vitabu vingi vya karatasi sizioni tena bila kusogeza kitabu hadi mkono unaishia. Mtasema simu nayo inakuza herufi. Ni kweli, lakini kwa ukubwa ninaouhitaji mimi, mstari wa simu unabeba maneno matatu au manne, na jicho linachoka kwa kurukaruka kutoka mstari hadi mstari kuliko linavyochoka kwa mwanga. Kwenye kioo cha inchi 7 napata maneno saba kwa herufi zilezile, na hapo ndipo kusoma kulirudi kuwa kusoma.

#5 · Mwalimu wa Jioni
Wote mliotangulia mmeiacha sentensi moja ya mleta mada, ile ya ripoti za kazini, nami ndiyo iliyoniumiza. Nilinunua kifaa cha inchi 6 kwa ajili ya makala za kitaaluma, na karibu zote ni PDF. PDF imefungwa katika umbo la karatasi yake: ukurasa wa A4 una upana wa sentimeta 21, na kioo cha inchi 6 kina upana wa takriban sentimeta 9, hivyo herufi ya pointi 12 inashuka hadi kama pointi 5. Basi nikawa nakuza, nasoma nusu ya safu ya kushoto, nasukuma ukurasa juu, kioo kinasita, kinapepesa, naupata mstari, nafika chini, kisha nirudi juu kabisa kuitafuta safu ya kulia. Jedwali lilipotokea, tarakimu zilikuwa kama safu ya sisimizi. Niliteseka nacho wiki tatu kisha nikarudi kwenye kompyuta.

Naomba mleta mada ahesabu kwanza: katika kurasa 100 anazosoma, ngapi ni PDF? Zikizidi nusu, ama atafute kioo cha inchi 10 na zaidi, ambacho ni kizito na ghali zaidi, ama aachane na wazo hili.

#6 · Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Ahsanteni sana. Mwalimu, nimehesabu: PDF ni kama 20 katika 100. Je, haziwezi kugeuzwa kuwa EPUB?

#7 · Fundi Saa
Zinaweza, kwa programu ya bure inayoitwa calibre, ambayo inafanya kazi kwenye kompyuta na imekuwapo tangu mwaka 2006. Lakini usitegemee miujiza. EPUB ndani yake ni kama kurasa za tovuti zilizofungwa pamoja, na maandishi hujipanga upya kufuata ukubwa wa kioo na wa herufi unazochagua. PDF haijui aya ni nini, inajua tu kwamba herufi fulani ikae mahali fulani. Programu inalazimika kukisia, na matokeo yake namba ya ukurasa inaangukia katikati ya sentensi, tanbihi inaingia kwenye aya isiyo yake, na jedwali linavurugika kabisa. Ripoti yenye maandishi matupu itapita. Yenye michoro, isome kwenye kompyuta.

#8 · Mama Wawili
Niwieni radhi, lakini dai la macho silikubali, na bandiko la 4 limenipa nguvu ya kusema hivyo. Ndugu mleta mada, macho yaliyoshindwa kumaliza vitabu 9 kwenye simu, je, yanashindwa pia kutazama video kwenye simu hiyohiyo saa nzima? Mimi yangu hayakushindwa. Kilichokuwa kikinikatiza ni ujumbe. Nilikuwa nasoma aya mbili, juu ya kioo inashuka salamu ya kundi la familia, najibu, kutoka hapo naingia kwingine, na nikirudi kitabuni sikumbuki nani alikuwa anazungumza na nani. Kifaa hiki hakina pa kwenda zaidi ya kitabu. Mtu anaweza kusema ni upungufu wake, kwangu ndiyo faida yote. Tangu nikinunue nasoma kitabu kimoja kila wiki mbili, na hilo sikulifanya tangu nilipozaa.

#9 · Asiyekopa
Kabla hatujasifu, tuulize kitabu unachonunua humo ni mali ya nani. Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa hapo vikaacha kufunguka. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua na kuvihamisha kwa waya. Kitabu changu cha karatasi naweza kumwachia mwanangu, kumwazima jirani au kukiuza. Cha kwenye kifaa ni ruhusa ya kusoma, na aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa. Kwangu swali la thamani linaanzia hapo, kabla ya macho na betri.

#10 · Mlinda Rafu
Nafanya kazi maktaba, na namheshimu Asiyekopa kwa hoja hii, lakini tukamilishe habari. Nakala zile za 2009 zilikuwa zimewekwa dukani na muuzaji asiye na haki nazo, fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Kosa lilikuwa namna ya kuzifuta. Microsoft nayo ilirudisha fedha zote. La 2025 ni kweli, ila waya haukufa: faili zako mwenyewe bado unaweza kuziingiza.

Zaidi ya hayo, kifaa si lazima kijazwe kutoka duka la aliyekitengeneza. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha, unavipakua bure na hakuna wa kukunyang'anya. Kobo, ambacho ni kifaa kingine cha namna hii, inafungua EPUB moja kwa moja, na kwa maktaba zilizojiunga na OverDrive, huduma ya kuazimisha vitabu vya kielektroniki, unaazima kitabu ukiwa umekaa ulipo. Muda ukiisha kinajirudisha chenyewe. Kwenye Kindle uazimaji huo ni wa maktaba za Marekani. Tangu 2022 Kindle inapokea EPUB, lakini sharti uitume kupitia huduma yake, nayo inageuzwa njiani. Ukiiweka kwa waya tu haitafunguka. Mambo haya muulize muuzaji kabla ya kulipa, kwa sababu watu wengi wanaonijia kuomba msaada wamekwama hapo.

#11 · Asiyekopa
Nakubali masahihisho kuhusu fedha kurudishwa. Aliyekuwa ameandika maelezo yake pembeni mwa kurasa, je, naye alirudishiwa? Msimamo wangu haujabadilika.

#12 · Binti Kitabu
Kaka Asiyekopa, katika ule uzi wa mwezi uliopita ulituambia kwamba kati ya vitabu ulivyoazimisha, vitatu havikurudi. Kumbe na karatasi nayo hunyang'anywa, tena bila kurudishiwa fedha! Nakutania kwa upendo, hoja yako naiheshimu, na ndiyo maana vitabu ninavyovithamini sana hununua tena kwa karatasi baada ya kuvisoma.

#13 · Mwanafunzi wa Pili
Mleta mada amesema vitabu vyake vya karatasi alivimaliza vyote 5. Mbona hakuna aliyesimama hapo? Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, na ulionyesha kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya maarifa na hasa wakiwa na muda mfupi. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Kuna na mwingine wa 2019 ambao watu walisoma hadithi ndefu, wengine kwenye Kindle na wengine kwenye karatasi. Walielewa karibu sawa, lakini wa Kindle walipata shida zaidi kupanga matukio kwa mfuatano wa wakati.

Mimi mwenyewe naliona hilo. Katika kitabu cha karatasi nakumbuka kwamba jambo fulani lilikuwa chini, ukurasa wa kushoto, kitabu kikiwa kimenenepa upande wa kulia. Kwenye kifaa kuna asilimia tu pembeni. Kwa riwaya hainisumbui, ila kwa historia, ambayo mleta mada anaisoma sana, ninapotea kila ninapotaka kurudi kwenye ramani.

#14 · Karani Mstaafu
Mwanafunzi, uchambuzi wa 2018 nimeusoma. Tafiti nyingi ndani yake ni za kompyuta na vioo vya kawaida, kwa hiyo tusiupeleke wote kwenye wino wa kielektroniki. Ule wa 2019 unagusa kifaa chenyewe, na la ramani nakuunga mkono kwa mikono miwili: kwenye kioo kidogo cha kijivu ramani ni doa tu. Vipo sasa vioo vya rangi, lakini rangi huonyeshwa kwa nukta 150 kwa inchi wakati maandishi meusi ni 300, na kioo chenyewe ni cheusi zaidi kidogo. Havijafika pa kuokoa ramani.

#15 · Kimya Kingi
Changu kimo ndani ya droo. Mwezi wa kwanza nilisoma vitabu 4, wa pili kimoja, wa tatu hakuna. Nimewasoma wote mnaosema ni macho au ni ujumbe, na naona mmesahau kwamba kitu kipya huvuta chenyewe. Mtu akinunua viatu vya mazoezi hukimbia kwa wiki mbili. Sikuwa na tabia ya kusoma kabla, na kifaa hakikuweza kunipa. Mleta mada amemaliza vitabu 7 kwa mwaka kwa njia zote. Ninamwomba ajiulize kwa unyoofu kama anatafuta kifaa au anatafuta muda.

#16 · Mama Wawili
Pole, Kimya Kingi, na ahsante kwa kusema wazi. Lakini changu kina miaka mitatu, upya umekwisha zamani, na bado nasoma. Labda yote mawili ni kweli kwa watu tofauti.

#17 · Nyota ya Jioni
Naomba kuongeza jambo la afya. Upo utafiti maarufu, uliotoka mwishoni mwa 2014, ulioonyesha kwamba kusoma kwenye kifaa cha vitabu kabla ya kulala huchelewesha usingizi na kushusha homoni ya melatonini. Mleta mada anajiita Msomaji wa Usiku, basi achukue tahadhari.

#18 · Mwanafunzi wa Pili
Dada Nyota, utafiti huo upo, lakini kifaa kilichotumika kilikuwa iPad iliyowekwa mwanga wa juu kabisa, na washiriki walikuwa 12 tu. Hakikuwa kioo cha wino wa kielektroniki. Jina la "kifaa cha vitabu" limebeba mambo mawili tofauti, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Pia vifaa vingi vya sasa vinakuruhusu kuifanya taa iwe ya manjano au kuizima kabisa.

#19 · Nahodha
Langu ni fupi. Kioo cha wino wa kielektroniki kwa kawaida kina bamba la glasi nyembamba ndani yake. Changu kilikaa kwenye begi pamoja na kalamu na kompyuta, kikabanwa. Nje hakikuwa na hata mkwaruzo, lakini nilipokiwasha robo ya ukurasa ilikuwa imeganda kwenye aya ya jana, na mistari myeupe imekatiza hadi chini. Mafundi wawili waliniambia kubadilisha kioo kunakaribia gharama ya kifaa kipya. Bei ya kasha gumu iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

#20 · Mwalimu wa Jioni
Mleta mada, kwa kuwa hapa kuna maelezo mawili yanayoshindana, ya Mama Wawili na ya kwako, unaweza kuyapima bila kutumia fedha. Kwa usiku 14, iweke simu katika hali ya ndege kabla ya kufungua kitabu, punguza mwanga, kuza herufi, na usome EPUB tu. Ukimaliza kitabu, tatizo halikuwa kioo. Macho yakikuuma vilevile, utakuwa umepata jibu lako.

#21 · Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Nimerudi baada ya usiku 14 kama Mwalimu alivyoshauri. Nimemaliza riwaya moja ya kurasa 340 na nimefika katikati ya kitabu cha historia. Ujumbe, kwa kweli, ulikuwa ukinila zaidi ya nilivyodhani. Usiku wa kwanza nilijikuta natelezesha kidole juu ya kioo kutafuta taarifa ambazo nilijua hazipo, na nilihesabu mara 9 ndani ya saa moja. Kwa hiyo Mama Wawili ana haki yake. Lakini kuanzia dakika ya 40 hivi macho yalikuwa yakiwaka, kila usiku, hata nilipofuata ushauri wa kutazama mbali kila baada ya dakika 20, na kwa kitabu cha karatasi hilo halinipati. Usiku wa 11 nilisahau kuweka hali ya ndege na sikusoma kitu.

#22 · Kimya Kingi
Hongera kwa riwaya. Ila usiku 14 ni sawasawa na ule mwezi wangu wa kwanza. Ulikuwa unajua kwamba sisi tunasubiri majibu, na hilo lenyewe linasomesha.

#23 · Mama Wawili
Usiku wa 11 ndio uliosema yote. Hali ya ndege inakutaka ukumbuke kila siku. Kifaa hakikutaki ukumbuke chochote.

#24 · Karani Mstaafu
Kuwaka kwa macho baada ya dakika 40 kunaweza kuwa ukavu, au miwani isiyokufaa tena, na kifaa hakitatibu hilo. Kapime macho kwanza.

#25 · Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Nitapima wiki ijayo, Mzee wangu. Wakati huohuo Mlinda Rafu amenidokeza faraghani kwamba maktaba yao inaazimisha vifaa vyenyewe kwa wiki 3, na nimeandikisha jina; mbele yangu wako watu 4. Nitaanza na kile kitabu cha historia kilichobaki nusu, chenye ramani 6.